Diski na kadi za kompyuta za zamani: anza na sloti na BIOS, diski ije mwisho

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kila panapozuka mazungumzo ya kufufua kompyuta ya zamani, iwe ya 286, 486 au Pentium za mwanzo, swali la kwanza huwa ni diski gani inunuliwe. Kwa maoni yangu hapo tunaanzia mkiani. Sloti za ubao mama, yaani nafasi za kuchomekea kadi, ndizo zinazoamua kadi ipi inaweza kuingia. Kadi pamoja na BIOS, ile programu ya ndani ya chipu inayowasha mashine, ndizo zinazoamua diski ya ukubwa gani itaonekana. Na mfumo endeshi ndio unaoamua ni kiasi gani cha diski hiyo kitatumika bila data kuharibika. Anayeanza na diski huishia kushika diski nzima kabisa ambayo kompyuta yake haiioni au, baya zaidi, inaiona nusunusu.

Tuanze basi na sloti. IBM PC XT ya 1983 ilikuwa na sloti za biti 8, na PC AT ya 1984 ikaleta zile za biti 16. Tofauti hiyo si ya kasi peke yake. Diski ya IDE, njia ya kawaida ya kuunganisha diski enzi hizo, hupitisha data biti 16 kwa mkupuo, kwa hiyo kadi ya kawaida ya IDE ya enzi za 286 na 386, ambayo kwa kweli ni chipu chache tu za kuunganisha diski na sloti, haitafanya kazi kwenye XT. XT huhitaji kadi ya aina ya XT-IDE, ambayo hupokea biti 16 kutoka kwenye diski na kuzikabidhi kwa kompyuta nane nane. Sloti hizi za XT na AT, ziitwazo ISA, hata zile za biti 16, kwa kawaida huendeshwa kwa takriban megahezi 8 na hupitisha megabaiti chache tu kwa sekunde. Kutafuta diski yenye kasi kubwa kwa ajili ya sloti hizo ni kujisumbua bure. Hapo tafuta diski tulivu, isiyopata joto, na yenye ukubwa unaokubalika.

Bodi nyingi za 486 zina sloti za VESA Local Bus, zilizokuja mwaka 1992. Kadi za IDE za sloti hizo ni nzuri kwa prosesa ambayo njia yake ya nje inakwenda megahezi 33, lakini kwa sababu zimeungwa karibu moja kwa moja na prosesa, mashine inayokwenda megahezi 50 nje huanza kuyumba ukipachika kadi zaidi ya moja. PCI ilipotulia mambo yakawa mepesi zaidi, ingawa bodi zake za mwanzo zina mtego mmoja ambao bado unanasa watu. Chipu mbili za IDE, CMD640 na RZ1000, zilifahamika tangu katikati ya miaka ya 1990 kuwa na kasoro inayoharibu data kimyakimya chini ya mifumo inayofanya kazi nyingi kwa pamoja. Ukisoma maandishi hayo juu ya chipu, zima IDE ya ubao kwenye BIOS na utumie kadi ya PCI, au hakikisha mfumo endeshi wako una draiva inayoikwepa kasoro hiyo, kama ilivyo kwenye Linux.

Sasa nije kwenye kuta za ukubwa, ambazo ndizo kiini cha uzi huu. Ukuta wa kwanza uko kwenye megabaiti 528, na hesabu yake ni rahisi. Huduma ya zamani ya BIOS, ile ya Int 13h ambayo mfumo endeshi huitumia kusoma diski, inaruhusu silinda 1,024 (duara za data), vichwa 256 (vya kusomea) na sekta 63 (vipande vya kila duara). IDE nayo inaruhusu silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255. Zikikutana, kila kipimo hubanwa na upande ulio mdogo: silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63. Zidisha, kisha zidisha tena kwa baiti 512 za kila sekta, utapata baiti 528,482,304. Hakuna diski iliyowahi kuwa na kosa hapo. Ni viwango viwili ambavyo havikutungwa kwa kuangaliana.

BIOS zilizofuata zilipunguza idadi ya silinda na kuongeza idadi ya vichwa ili Int 13h iridhike, na ukuta ukasogea hadi gigabaiti 8.4. Ukaja mwingine kwenye gigabaiti 33.8, ambapo baadhi ya BIOS za Award za mwisho wa miaka ya 1990 huganda kabisa wakati wa kutambua diski, hata mashine isifike mahali pa kusoma disketi. Hapo ndipo jampa (kipachiko kidogo cha kuunganisha pini) ya kupunguza ukubwa, iliyo nyuma ya diski nyingi za enzi hiyo, ilipozaliwa: diski hujitangaza kuwa na gigabaiti 32 na mashine inawaka.

Ukuta wa gigabaiti 137 ndio ninaouogopa kuliko zote. Anwani za IDE za biti 28, yaani namba za sekta, zinaishia hapo, na anwani za biti 48 zilikuja na ATA-6, toleo la kiwango cha IDE, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Windows 98 ikiwa na draiva yake ya kawaida haizijui anwani hizo. Windows XP ilizipata kwenye kifurushi cha masasisho cha SP1. Kinachonitisha ni kwamba mashine inaweza isikatae. BIOS mpya au kadi yenye BIOS yake huonyesha ukubwa wote, kazi inaanza, miezi inapita. Siku data inapovuka mpaka, draiva isiyojua biti 48 hukata tarakimu za juu za anwani, na kilichokusudiwa kuandikwa mwishoni mwa diski kinaandikwa mwanzoni, juu ya jedwali la partisheni (sehemu diski ilizogawanywa) na orodha ya mafaili. Kwa hiyo kama mashine itaendesha Windows 98, mimi huchagua diski iliyo chini ya kiwango hicho na suala linaisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante mkuu kwa maelezo. Nina 486 yenye kadi ya IDE ya VESA Local Bus, na BIOS yake inaishia kwenye hizo megabaiti 528. Nimepata diski ya gigabaiti 40 iliyo nzima, na nakusudia kuweka DOS 6.22. Je, nitumie ile programu inayowekwa kwenye diski yenyewe, au kuna njia iliyo bora zaidi?

Mleta uzi

Mkuu, kwanza niseme kwamba kwa DOS 6.22 sehemu kubwa ya gigabaiti 40 hizo haitakufaa hata BIOS ikitengenezwa. DOS hiyo huizungumzisha diski kwa silinda, vichwa na sekta pekee, hivyo inaishia kwenye gigabaiti 8.4, na kwa kuwa inatumia mfumo wa mafaili wa FAT16, kila partisheni haiwezi kuzidi gigabaiti 2. Utakuwa na herufi C hadi F, na gigabaiti 30 na ushee zitalala tu. FAT32 ilianza na Windows 95 OSR2 ya mwaka 1996, kwa hiyo ukihitaji nafasi kubwa, badili kwanza mfumo endeshi.

Programu za aina uliyoitaja, kama Ontrack Disk Manager au EZ-Drive, hufanya kazi. Hujiweka kwenye sekta za mwanzo za diski na kushika usukani kabla mfumo endeshi haujaanza. Tatizo ni kwamba ukiwasha mashine moja kwa moja kwa disketi bila kuipitia programu hiyo, diski huonekana kama haina kitu au ina partisheni za ajabu, na mwenye haraka hufungua FDISK, programu ya kugawa diski, na kumaliza kila kilichokuwamo. Vilevile diski hiyo haisomeki kirahisi ukiihamishia kwenye mashine nyingine.

Njia ninayoipendelea ni XTIDE Universal BIOS. Ni programu huria inayokaa ndani ya chipu ya ROM, na haikulazimu kuwa na kadi ya XT-IDE ili uitumie. Chukua kadi ya mtandao ya ISA yenye soketi tupu ya ROM ya kuwashia mashine, ile ya pini 28. Andika programu hiyo kwenye EEPROM (chipu ya ROM inayoandikika upya) ya 28C64, ambayo ina kilobaiti 8, kwa kutumia kifaa cha kuandikia chipu, maana kadi nyingi za mtandao haziwezi kuiandika zenyewe. Chagua toleo lililotengenezwa kwa mashine za AT. Kisha panga anwani ya ROM kwenye kadi, kwa jampa au kwa programu yake ya mipangilio. Kadi ya picha ya VGA kwa kawaida inashika anwani za kumbukumbu C000 hadi C7FF, kwa hiyo anza na C800 au, kama kuna kadi nyingine hapo, D000. Kwenye BIOS ya ubao andika kwamba hakuna diski. Ukiwasha, utaona mstari wa XTIDE ukijitokeza baada ya hesabu ya RAM, kisha jina la diski yako. Kadi yako ya VESA inabaki pale pale ikishika diski. Kilichobadilika ni programu inayoizungumzisha. Kama unatumia EMM386, programu ya DOS ya kusimamia kumbukumbu, iambie isiguse eneo la anwani hizo.

Diski ya gigabaiti 40 iweke akiba kwa ajili ya Pentium II au III. Huko ndiko itakakofaa.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongezea hapo. Kwa 486 ya DOS, mimi nimeacha kabisa diski zinazozunguka na kutumia kadi ya CompactFlash ya gigabaiti 2 au 4 kupitia adapta ya IDE. CompactFlash inayo hali ya IDE ndani yake, ndiyo maana adapta hizo ni pini na nyaya tu, hazina chipu ya kutafsiri. Haina kelele, na ukitaka kubadili mfumo endeshi unachomoa kadi moja na kuchomeka nyingine baada ya kuzima mashine.

Hata hivyo yapo mambo mawili ya kuangalia. Kadi nyingi za kamera hujitambulisha kuwa ni kifaa cha kuhamishika, na Windows huweza kukataa kuzigawa kwa partisheni zaidi ya moja. Kadi za viwandani kwa kawaida hujitambulisha kama diski ya kudumu. Pili, Windows 95 yenye RAM ndogo huandika kwenye faili la swapu (linaloshika nafasi ya RAM) bila kupumzika, na kadi ya bei ya chini itachoka mapema. Ongeza RAM kwanza.

Mleta uzi

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa sehemu kubwa. Niongeze kwamba adapta nyingi za CompactFlash zina jampa ya kuchagua iwe ya kwanza au ya pili kwenye kebo, na baadhi ya kadi hazielewani na kifaa kingine zikiwekwa kwenye kebo moja. Kisomaji cha CD kikitoweka baada ya kupachika CompactFlash, usiilaumu draiva; kihamishie kwenye njia ya pili ya IDE.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nina Pentium III yenye chipu za Intel 440BX, na ninataka kuwekea SSD ya SATA (unganisho la diski lililofuata IDE) chini ya Windows 98. Nimeona kuna adapta za kugeuza SATA kuwa IDE na kuna kadi za PCI za SATA. Ipi ni bora?

Mleta uzi

Mkuu, 440BX ni bodi ya kuifurahia. IDE yake inaishia kwenye Ultra DMA 33, yaani megabaiti 33 kwa sekunde. Sloti zote za PCI kwa pamoja zinagawana megabaiti 133 kwa sekunde, na hizo ni za kwenye karatasi. Kwa hiyo kasi ya SSD inayoandikwa kwenye kasha isikusumbue. Faida utakayoihisi ni kwamba SSD haina mkono wa kusafiri kutoka silinda hadi silinda, na Windows 98, yenye maelfu ya mafaili madogo, hufunguka kwa wepesi hata kwenye hizo megabaiti 33.

Kwa hiyo adapta ni njia rahisi, na kwa watu wengi inatosha. Ukitaka zaidi, zipo kadi za PCI za IDE kama Promise Ultra100 TX2 na Ultra133 TX2, ambazo zina BIOS yake na hivyo hukwepa ukuta wa BIOS ya ubao. Kumbuka tu kwamba kuanzia Ultra DMA 66 kwenda juu ni lazima kebo ya nyaya 80, isiyozidi sentimita 46, ncha ya buluu ikiwa kwenye kadi na nyeusi kwenye diski ya kwanza. Nimeona watu wakilalamika kwamba kadi yao ya 133 inakwenda 33, kumbe kebo ni ile ya nyaya 40 iliyotolewa kwenye kisomaji cha CD, na kadi imejishusha yenyewe kama inavyotakiwa.

Kwa SATA halisi, kadi zenye chipu ya Silicon Image 3112 zina draiva za Windows 98 na hufanya kazi vizuri. Chipu za VIA VT6421 nazo zinapatikana kwa wingi, ila zina ugonjwa unaojulikana: haziwezi kukubaliana kasi na diski za gigabiti 3 kwa sekunde, hivyo diski haionekani kabisa mpaka uiwekee jampa ya kuishusha hadi gigabiti 1.5. SSD nyingi hazina jampa hiyo, na ndiyo sababu mimi ningechukua ya Silicon Image kwa kazi yako. Kagua pia umeme. Bodi nyingi za mwanzo za PCI hazileti volti 3.3 kwenye sloti zake, na kadi inayotegemea volti hizo badala ya kuzitengeneza yenyewe kutoka volti 5 itakaa kimya bila kosa lolote kuonekana. Kwa 440BX ya ATX kwa kawaida hakuna shida hiyo. Kwa Pentium ya kwanza yenye pawa saplai ya AT, angalia kama kadi ina kirekebisha volti chake.

Ukubwa: chukua SSD ya gigabaiti 60 au 120, chini ya ule ukuta. FDISK ya Windows 98 hukosea hesabu kwa diski zinazozidi gigabaiti 64, ingawa Microsoft ilitoa toleo lililorekebishwa. Windows 98 haijui amri ya TRIM, inayoijulisha SSD nafasi zilizoachwa wazi, kwa hiyo acha sehemu ya SSD bila kugawanywa ili kidhibiti chake cha ndani kiwe na nafasi ya kupumulia. Partisheni za zamani huanzia sekta ya 63, jambo ambalo haliendani na kurasa za SSD. Zitengeneze kwa programu ya kisasa kwenye mashine nyingine, zianzie sekta ya 2,048, kisha urudishe diski.

Mchangiaji wa nne

Mbona SCSI, ile njia nyingine ya kuunganisha diski, haijatajwa? Kwa mashine za 386 na 486 zilizokuwa za kazi nzito, kadi ya Adaptec ilikuwa ndiyo heshima yenyewe, na haina habari ya hizo megabaiti 528.

Mleta uzi

Mkuu, SCSI ina uzuri wake, na kama mashine ilizaliwa nayo ningeiacha nayo. Adaptec AHA-1542 ya ISA hupeleka data kwenye RAM yenyewe bila kuisumbua prosesa. Ila sloti ya ISA ina nyaya 24 za anwani, kwa hiyo kadi hiyo haifiki juu ya megabaiti 16 za RAM, na mashine yenye RAM zaidi ya hapo hulazimika kunakili data mara mbili. Kwenye PCI, AHA-2940 haina kizuizi hicho.

Anayechagua diski za SCSI leo asome pini kabla ya kusoma ukubwa. Pini 50 ni za biti 8, pini 68 ni za biti 16, na pini 80 ni za seva, ambazo huleta umeme na namba ya kitambulisho kupitia kiunganishi hicho hicho na huhitaji adapta. Ukishusha diski ya pini 68 iwe ya pini 50, adapta ni lazima ifunge ile nusu ya juu ya data, la sivyo utapata makosa yasiyotabirika. Mnyororo mzima unafungwa kwa tamineta (vizuizi vya mawimbi kurudi) kwenye ncha mbili, si pungufu wala si zaidi. Diski yenye alama ya HVD (SCSI ya volti kubwa) usiiunganishe na kadi ya kawaida hata kwa kujaribu, kwa sababu volti zake zinaweza kuunguza vifaa vingine vyote vilivyo kwenye kebo. Diski za SCSI zilizo nzima zinazidi kuadimika, na vifaa kama BlueSCSI na SCSI2SD, ambavyo huigiza diski kwa kutumia kadi ya SD, ndivyo ninavyovishauri kwa anayetaka mashine iwake kila siku.

Mchangiaji wa tano

Je, kwa XT yenye diski ya awali ya megabaiti 20, ile ya kebo mbili? Inawaka, lakini nina wasiwasi na kadi yake. Naweza kubadilisha kadi tu na kubakiza data?

Mleta uzi

Hapana, mkuu, na tafadhali usijaribu kabla ya kunakili kilichomo. Diski hizo za kebo ya pini 34 na ya pini 20, ukoo wa ST-506 ulioanzishwa na Seagate mwaka 1980, hazina akili ndani yake. Kadi ndiyo inayogeuza mawimbi ya sumaku kuwa biti na kuamua namna sekta zinavyoandikwa kwenye njia. Kadi ya kampuni nyingine, au hata modeli nyingine, huenda isisome chochote. Kuna mitindo miwili ya kuandika biti: kadi za MFM huandika sekta 17 kwa kila njia, na za RLL huandika 26; kuwekea kadi ya RLL diski iliyothibitishwa kwa MFM pekee ni kutafuta makosa ya usomaji. Ukibadilisha kadi, itakubidi ufomati upya kwa kiwango cha chini, kwa kawaida kupitia DEBUG, programu ya DOS, kwa amri ya g=C800:5, na hapo hakuna kilichobaki.

Kwa hiyo nakili kwanza kila kitu kwa kadi iliyopo wakati bado inafanya kazi, kisha weka XT-IDE yenye CompactFlash kwa matumizi ya kila siku. Kadi hizo mbili zinaweza kukaa pamoja ikiwa anwani za ROM zake hazigongani. Ya MFM ikiwa C800, ihamishie XT-IDE kwenye D000.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, swali la mwisho kutoka kwangu. Ile diski ya gigabaiti 40 nitaijuaje kama itadumu kabla sijaiweka kwenye Pentium III?

Mleta uzi

Iunganishe kwenye mashine yenye Linux na usome taarifa zake za SMART, yaani hesabu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake. Namba 5 huonyesha sekta zilizokwisha kuhamishwa, na 197 zile zinazosubiri uamuzi. Sekta chache zilizohamishwa na ambazo haziongezeki si msiba, lakini 197 ikipanda baada ya kusoma diski yote, iweke kando. Namba 199 ikipanda, badilisha kebo kabla ya kuitupa diski isiyo na hatia. Kwa diski za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 hakuna SMART, na hapo sikio ndilo chombo: mlio mkali unaopanda ni wa beringi, na kishindo kimoja cha mkono wa vichwa kikifuatiwa na kimya huweza kuwa ule mpira mdogo wa ndani ulioyeyuka na kugandisha vichwa mahali pake.

Ikishapita mtihani huo, igawanye na kuifomati ikiwa tayari kwenye Pentium III yenyewe, huku BIOS ikiwa imewekwa kwenye LBA (kuhesabu sekta kwa namba moja), si Large wala Normal. Diski iliyogawanywa chini ya tafsiri moja na kusomwa chini ya nyingine huonekana kama imeharibika, kumbe ni hesabu za vichwa tu ndizo zilizobadilika. Ikitokea hivyo, usikubali pendekezo lolote la kufomati, rudisha mpangilio wa awali kwenye BIOS kwanza.